IST 1NZ-FE: plagi za iridiamu zina thamani ya bei yake?

Kishikizo

Habari wakuu. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, kilomita 168,000. Plagi zilizomo ni Denso K16R-U11 na zimeshatembea kilomita 24,000. Asubuhi injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta inatikisika kidogo, ikipata moto inatulia. Dukani zipo aina tatu: hizo hizo za kawaida, Denso Iridium Power, na Denso SK16R11. Za iridiamu zinakaribia mara tano ya bei. Muuzaji anasema zinaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Ni kweli? Na kama ni kununua, nichukue ipi kati ya hizo mbili? Gari linatembea zaidi mjini kwenye foleni.

MtamboTemeke

Mkuu, nguvu haitaongezeka. Kazi ya plagi ni kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukishawaka kwa wakati wake, hauwaki zaidi eti kwa sababu ncha ni ya madini ghali. Ukitoa plagi zilizochoka ukaweka iridiamu mpya gari litachangamka, lakini lingechangamka vilevile kwa K16R-U11 mpya. Mafuta nayo ni hivyo hivyo.

Unacholipia ni umri. Nikeli inayeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, iridiamu 2,446. Kila cheche inaondoka na chembe ya ncha. Nikeli ikiendelea kuliwa, kingo zake kali zinakuwa butu na pengo ambalo cheche inaruka linapanuka kutoka 1.1 mm. Hapo koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme mkali, inalazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke, na inafanya hivyo mamia hadi maelfu ya mara kwa dakika. 1NZ ina koili nne, kila plagi na yake, na koili ikishaungua ndani haitengenezeki. Mtu anayechelewesha plagi ili kubana matumizi mara nyingi anaishia kununua koili.

Denso Japani wanashauri plagi za nikeli zibadilishwe kati ya kilomita 15,000 na 20,000. Zako zimeshapitiliza.

Sasa kuhusu hizo mbili za iridiamu, hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Iridium Power (kwa injini yako ni IK16) ina ncha ya katikati ya 0.4 mm, nyembamba sana, na inawaka kwa volti ndogo. Lakini ule mkono uliopinda juu yake ni nikeli, na huo unaliwa kama kawaida. Haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa muda mrefu. SK16R11 ina iridiamu katikati na kipande cha platinamu kwenye mkono, yaani pande zote mbili ni ngumu. Hiyo ndiyo ya kilomita 100,000. Ya NGK inayolingana nayo ni IFR5A11. Kama unalipia iridiamu, lipia hiyo.

Piga hesabu kwa bei za dukani kwako. Tuseme ya kawaida ni shilingi 6,000 na SK ni 28,000. Seti ya kawaida 24,000, na ndani ya kilomita 100,000 utanunua seti tano: 120,000. Seti moja ya SK: 112,000. Kwenye spea peke yake tofauti ni ndogo mno, kinachoamua ni ufundi. Kwa 1NZ plagi ziko juu wazi: kava la plastiki, bolti nne za 10, koili nje, soketi ya plagi ya 16. Nusu saa haiishi. Kwa gari lako mimi ningeweka K16R-U11 orijino na kuzitoa kila kilomita 20,000.

ChumaChaPua

Nakubaliana na Mtambo kwenye nguvu, ila mwisho pale napingana naye. Hesabu yake inategemea mwenye gari abadilishe kila 20,000 bila kukosa, na mleta mada yuko 24,000 tayari. Halafu kuna foleni. Kilomita hazihesabu muda injini inapounguruma imesimama. Gari la mjini likisoma 20,000, plagi zake zimerusha cheche nyingi kuliko la safari ndefu lenye kilomita zilezile. Kwa matumizi haya SK16R11 inamfaa.

Na kwa wengine watakaosoma hapa: kama injini yako ni V6 ya Harrier, usibishane na bei. Plagi tatu za nyuma ziko ukutani, na kwa 2GR-FE lazima ushushe manifoldi ya juu ya hewa na kubadilisha gasketi yake. Subaru nazo plagi zinachungulia ubavuni, unafanya kazi katikati ya injini na chasisi. Kwenye magari hayo bei ya ufundi inameza tofauti yote. Weka za 100,000 uondokane nazo.

Wenye injini za zamani ambazo koili moja inahudumia silinda mbili, angalieni jambo moja. Nusu ya plagi zako cheche inaruka kinyume, kutoka kwenye mkono kwenda katikati. Ukiweka iridiamu yenye mkono wa nikeli, mbili zitawahi kuchoka kuliko wenzake.

BiSpea

Ndugu zangu mnabishana aina ya madini wakati sokoni feki zimejaa. Nikeli orijino ni bora mara kumi kuliko iridiamu feki, na anayebandika nembo feki anabandika kwenye ile ya bei kubwa.

Nenda dukani na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Herufi R kwenye K16R-U11 na SK16R11 ina maana kuna rezista ndani, yaani kipinga umeme. Weka waya mmoja kwenye kichwa cha juu, mwingine uguse ncha ya katikati taratibu, iridiamu inakatika kama kioo. Usomaji unatakiwa uwe kilo-omu kadhaa, mara nyingi karibu na 5, na zote nne zikaribiane. Ukipata sifuri, au moja 2 na nyingine 12, rudisha boksi. Plagi isiyo na rezista inawaka, lakini inatoa kelele ya umeme inayovuruga redio na inaweza kusumbua sensa na kompyuta ya gari.

Kisha tazama kwa macho. Mkono ukae sawasawa juu ya ncha, usiende upande. Ncha ya iridiamu imechomelewa kwa leza, utaona mshono mwembamba kuzunguka. Feki nyingi zimechongwa tu nikeli ikawa nyembamba. Maandishi kwenye kauri yasifutike kwa kucha. Uzi wa kufungia plagi uwe laini, bila vipande vya chuma.

Na soma namba yote, usiishie kwenye jina la kampuni. 16 ni kiwango cha joto, kwa NGK ni sawa na 5. Muuzaji akikosa 16 atakupa 20 akisema ni ileile. Hiyo ni baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka, kwenye foleni zako itajaa masizi. 11 mwishoni ni pengo la 1.1 mm. Urefu wa uzi kwa injini yako ni 19 mm. Ndefu zaidi inaweza kugonga pistoni.

Kishikizo

Asanteni sana. Nimefungua. Tatu zina rangi ya kahawia isiyokolea. Ya silinda ya pili ncha ni nyeusi na kavu, na kwenye shimo lake kuna oili imezunguka kauri kwa nje. Zote zina mstari wa kahawia kwenye kauri pale inapokutana na chuma. Hiyo ni moshi kuvuja? Na fundi anataka azipige msasa zirudi.

MtamboTemeke

Mstari wa kahawia si kuvuja, ni vumbi na oili vilivyovutwa na umeme mkali. Achana nao. Msasa hapana: unaacha mikwaruzo na chembe zinazoshika masizi, na pengo haulirudishi. Kwa iridiamu hata brashi ya waya hairuhusiwi.

Oili shimoni inatoka juu, raba za mashimo ya plagi kwenye kava la tapeti (kava la juu ya injini) zimekauka. Badilisha hizo pamoja na gasketi ya kava kabla ya kuweka plagi mpya. Angalia pia raba ya koili namba 2. Oili inaivimbisha, na ukiona mstari mweusi kama mchoro wa penseli ndani yake, umeme unatorokea pembeni badala ya kufika kwenye ncha. Hiyo inaeleza ncha nyeusi na mtikisiko wa asubuhi.

Kufunga: injini iwe baridi, kichwa ni aluminiamu na uzi wake unang'oka kirahisi. Puliza vumbi mashimoni kwanza. Anza kuzungusha plagi kwa mkono ukitumia kipande cha mpira wa petroli. Ukivuka uzi, mpira utateleza kabla ya kuharibu kitu. Ikikalia, ongeza nusu mzunguko kwa plagi mpya, au tumia toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa 20 Nm. Usipake grisi kwenye uzi, inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Ikiendelea kutikisika, hamisha koili ya 2 iende 3 kisha soma kompyuta. Kosa likihama kutoka P0302 (silinda ya 2 haiwaki vizuri) kwenda P0303 (silinda ya 3), koili imekufa. Likibaki P0302, pima injekta na kompresheni ya silinda hiyo kabla hujanunua kitu kingine.