Kamera ya getini inakata kila taa zake za usiku zikiwaka

Mlinda_Boma:
Wakuu, habari za humu. Nyumbani kwa mama nina kamera 4 za analogi, DVR (mashine inayorekodi picha), na adapta moja ya volti 12 ampia 5 inayolisha kamera zote. Mchana kila kitu safi. Giza likianza kuingia, kamera ya getini inapoteza picha, baada ya sekunde chache inarudi, inakata tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Tatu zilizobaki ziko sawa, ila ya uani picha inachezacheza mvua ikinyesha.

Getini nimeshafunga kamera mpya, mambo ni yaleyale. Adapta nimeipima kwenye plagi yake, inasoma 12.1. Kutoka hapo hadi getini ni kama mita 35, waya ni ule wa mtandao wenye jozi 4: jozi moja inabeba picha, jozi moja inabeba umeme. Fundi aliyefunga anasema nibadilishe DVR. Mama analala peke yake na hiyo kamera ndiyo anayoitazama kabla ya kumfungulia mtu, kwa hiyo naomba msaada kabla sijanunua kitu kingine.

Kipimajoto:
Adapta imezidiwa hiyo. Weka ya ampia 10, utakuja kunishukuru.

NyayaZaJuu:
Mkuu, DVR iache kwanza. Ingekuwa mbovu isingesubiri giza, tena ichague kamera moja tu.

Na aliyenitangulia aniwie radhi, ampia 10 hazitasaidia hapa. Ampia zilizoandikwa kwenye adapta ni kiasi inachoweza kutoa kikihitajika, hazisukumi umeme kwa nguvu zaidi. Volti zinabaki 12 zilezile. Tena adapta kubwa bila fyuzi kwa kila kamera inanitia hofu: waya mwembamba ukipiga shoti mahali, adapta itaendelea kumwaga umeme mpaka plastiki iyeyuke.

Ninayemshuku mimi ni waya. Kila uzi mmoja wa jozi ya waya wa mtandao, ikiwa ni shaba halisi ya geji 24 (kipimo cha unene), una ukinzani, yaani unavyouzuia umeme, wa omu 0.084 hivi kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 35 zako ni 70: karibu omu 6. Mchana tuseme kamera inakula ampia 0.25. Njiani unapoteza volti 1.5, inafika na 10.6, inavumilia. Usiku taa za infraredi, hizo zake za kuonea gizani, zikiwaka inataka kama 0.6. Sasa unapoteza 3.5, inafika na 8.6, na hapo inazima. Ikizima, taa nazo zinazimika, volti zinapanda, inajiwasha upya, taa zinawaka, inaanguka tena. Huo ndio mzunguko unaouona usiku kucha, na ndiyo maana kamera mpya haikubadilisha kitu.

Kipimo cha kwenye plagi hakitakuonyesha haya. Pima kulekule getini, kamera ikiwa inafanya kazi. Ile jeki yenye skrubu mbili iliyoungwa mwisho wa waya, gusisha ncha za mita kwenye skrubu zake. Huna haja ya kungoja usiku: chukua utepe mweusi wa umeme, ziba kihisi cha mwanga, kile kidoa kilicho karibu na lenzi. Taa zitawaka na utaziona namba zikishuka. Mwenzako apime kwenye adapta wakati huohuo. Kwenye adapta zikibaki 12 na getini zikaporomoka, ni waya. Zikishuka pande zote mbili, adapta imechoka, na hapo ndipo ubadilishe. Usiifungue, ndani ina kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, zinazoweza kukupiga hata ukishaichomoa.

Jambo jingine, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Rangi ya shaba ikitoka na ndani kukawa na weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu yangu itakuwa mbaya zaidi kwako.

Kama ni waya, usichimbe mtaro bado. Una jozi mbili zimekaa bure mle ndani. Unganisha nyaya 3 upande wa chanya na 3 upande wa hasi, rangi zilezile ncha zote mbili. Ukinzani unashuka hadi theluthi, yaani kama omu 2, na usiku kamera itapata karibu 10.9. Kamera nyingi za volti 12 zinakubali pungufu ya asilimia 10, kwa hiyo utakuwa umepita chupuchupu. Ukitaka nafasi zaidi, pitisha waya wa umeme wa milimita mraba 0.75 peke yake.

Mama_Tulia:
Niongezee kwa atakayesoma baadaye: DVR isichangie adapta na kamera. Diski ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi wa ghafla. Kwangu mashine ilikuwa inajiwasha upya yenyewe, na diski inalia tiki tiki. Nilipoipa adapta yake, ikatulia.

Mlinda_Boma:
NyayaZaJuu, Mungu akubariki. Nimeziba kihisi kama ulivyosema: kwenye adapta 12.0, getini zikashuka hadi 8.7 na picha ikakata nikiwa nashuhudia. Waya ni shaba halisi. Nimeunganisha zile jozi, sasa inasoma 10.9 taa zikiwa zimewaka, na jana usiku haikukata kabisa. Mama amefurahi sana. DVR tayari ilikuwa na adapta yake. Imebaki ya uani: nimefungua utepe kwenye maungio, jeki ina ukungu wa kijani.

NyayaZaJuu:
Afadhali mama amepata usingizi. Huo ukijani ni kutu ya shaba, maji yameingia. Usiikwangue uirudishe. Chomoa adapta, kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata ukipoteza sentimita 20, kwa sababu maji husafiri ndani ya ganda. Funga jeki mpya, maungio yaingie kwenye kisanduku kisichopitisha maji, na waya uingilie kwa chini ukiwa umening'inia kidogo, ili mvua idondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Na lile ungio la getini ulikounga jozi, nalo lipatie kisanduku.