Naomba ushauri: Kijana ana ofa mbili za vyuo Marekani, kocha wa kiwango cha juu kweli anatambulikaje?

Mama wa Kihonda:

Habari zenu wakuu. Naishi Houston, Texas. Kijana wangu anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari mwezi Agosti na anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti. Mwili Mungu kamjalia, kwa hiyo wamemweka mstari wa mbele, kwa wale wanaomkinga kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, asiangushwe. Mimi nilidhani wanaotafutwa ni wakimbiaji tu, kumbe wanene nao wana soko. Ana ofa mbili za kusomeshwa bure chuo kikuu: ada, chumba, chakula, vitabu.

Mwezi Juni tulialikwa kote kuwili. Chuo cha kwanza ni kikubwa, kocha wao haondoki kwenye televisheni. Ofisini kwake pete za ubingwa zimepangwa kwenye kioo kama duka la sonara. Alizungumza vizuri mno, na baba wa mtoto alitoka pale amevutiwa kabisa. Chuo cha pili ni cha kati. Kocha wao ni mpole, yuko pale muda mrefu, hana pete za kuonyesha. Alimuuliza kijana analala saa ngapi na somo gani linamshinda. Mwanangu akajibu kemia, yule mzee akaandika kwenye karatasi.

Sasa nyumbani hakulaliki. Baba anasema mtoto aende kwa mshindi. Mimi nimekulia Morogoro, mpira ninaoujua ni wa Simba na Yanga, ambako kocha akipoteza mechi mbili anatafutiwa tiketi ya ndege. Huku naona kocha wa chuo analipwa kuliko gavana wa jimbo. Naomba mnisaidie: kocha bora kabisa wa vyuo ni yupi? Ni makombe tu? Na mama kama mimi, nisiyejua hata sheria za mchezo, nitamjuaje? Vyuo sivitaji, msiniulize.

Bongo Dallas:

Dada, hongera kwanza. Mimi sizunguki: kipimo ni kushinda, na kushinda kwa kurudia. Mtu akichukua ubingwa mara moja tunaweza kusema alipata kizazi kizuri. Kocha Nick Saban alichukua mara 7, mmoja akiwa LSU, chuo cha Louisiana, na 6 akiwa Alabama, mpaka anastaafu Januari 2024. Huyo huwezi kusema bahati.

Ila angalia alivyoanza. Mwaka wake wa kwanza Alabama, 2007, alishinda 7 akapoteza 6, na moja ya hizo 6 alifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe, timu ambayo Alabama ilitakiwa iile kama kifungua kinywa. Hakubadili kitu. Aliendelea kuwaambia vijana wasitazame ubao wa matokeo, wamalize mchezo huu mmoja ulio mbele yao, kisha unaofuata. Mwaka 2009 walishinda mechi zote 14.

Halafu fainali ya Januari 2018 dhidi ya Georgia. Mapumziko yamefika, Alabama iko nyuma 13 kwa 0. Akamtoa kwotabeki wake Jalen Hurts, aliyekuwa hajazoea kupoteza mechi, akamwingiza Tua Tagovailoa, mtoto wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Kocha wa kawaida anaogopa lawama, anamwacha mzoefu mpaka jahazi linazama.

Kijiwe Nongwa:

Bongo Dallas umekatiza hadithi mahali patamu. Kilichotokea baadaye ndicho mama anachopaswa kukisikia. Hurts alidhalilika mbele ya taifa zima, na kila mtu alijua atahama. Hakuhama. Alikaa benchi msimu mzima. Desemba 2018, fainali ya ligi yao ya SEC, wapinzani ni walewale Georgia, Tua akaumia. Hurts akaingia robo ya mwisho wakiwa nyuma, wakashinda 35 kwa 28. Ndipo akahamia Oklahoma kwa amani, na Februari 2025 mlimwona akichukua Super Bowl, ubingwa wa ligi ya kulipwa, na Philadelphia.

Kumtoa mtu uwanjani hata mimi naweza. Kumtoa halafu aendelee kuja mazoezini mwaka mzima yuko tayari, hiyo ndiyo kazi ya ukocha. Kwa hiyo mama, ukifika chuoni usiombe kuonana na nyota. Omba kuonana na mchezaji wa mwaka wa tatu asiyepangwa. Msikilize anavyomtaja kocha wake.

Bongo Dallas:

Sawa, nimekubali. Lakini bila zile pete tusingekuwa tunamjadili.

Mkulima wa Manhattan:

Manhattan ya Kansas, msije mkadhani niko New York. Nyinyi wawili mnamsifia mtu aliyepewa Alabama, yenye pesa, jina, na mashabiki laki moja uwanjani. Mimi kocha bora ni yule anayekuta shamba kavu. Huku kwetu Kansas State, Bill Snyder alipofika 1989 timu ilikuwa haijashinda mechi 27 mfululizo. Ndiyo, ishirini na saba. Watu walijadili iwapo chuo kiachane na mchezo kabisa. Mwaka 1998 timu hiyohiyo ilimaliza msimu wa kawaida bila kupoteza hata mechi moja. Hakuwapata vijana wanaogombewa na vyuo vikubwa, alichukua wa vyuo vya miaka miwili ambao wenzake waliwapuuza, akakaa nao kutazama mikanda ya mechi usiku na mchana.

Mfano wa juzi ni Indiana. Mwaka 2023 walishinda 3 wakapoteza 9. Akaja Curt Cignetti kutoka James Madison, akahama na wachezaji wake zaidi ya kumi pamoja na wasaidizi wake, na 2024 wakashinda 11 wakapoteza 2. Angalia hapo neno wasaidizi. Kocha mkuu anaongoza vijana zaidi ya mia, hawezi kumfundisha kila mmoja namna ya kuweka miguu. Kama wasaidizi wake wanafuatana naye kila anakokwenda, ujue kuna kitu. Kama kila mwaka wanabadilika, uliza kwa nini.

Na msitegemee kelele za mashabiki. Novemba 2024 Ryan Day wa Ohio State alifungwa na Michigan 13 kwa 10 nyumbani kwake, watu wakataka afukuzwe usiku uleule. Januari 20 alikuwa bingwa wa taifa.

Mkongo wa Montreal:

Mama, pole na kazi. Kuna Mkongo mwenzetu, Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, akakulia huku Quebec. Novemba 1995 aliichezea Michigan dhidi ya Ohio State akakimbia yadi 313 katika mechi moja. Sisi Wakongo tunaitaja mpaka leo, hata ambao mchezo wenyewe hatuuelewi. Lakini niulizeni nani alimfungulia njia. Ni wale watu wa mstari, na majina yao hakuna anayeyakumbuka.

Mwanao ni mtu wa mstari. Kocha wa kwenye televisheni atamwona kwa mbali. Atakayeshinda naye kila siku, asubuhi kwenye video na jioni uwanjani, ni kocha wa mstari. Huyo ndiye umchunguze.

Mzee wa Ruston:

Binti yangu, mimi naishi Louisiana kaskazini, jirani na chuo cha Grambling State. Hapa kocha anayetajwa kwa heshima ni Eddie Robinson. Alianza 1941, akamaliza 1997, akiwa na ushindi 408, chuo kilekile kimoja. Fikiria miaka ile ya ubaguzi: vyuo vikubwa vya kusini havikumpokea kijana mweusi. Yeye alikata nyasi za uwanja mwenyewe, aliwafunga vijana bandeji kwenye vifundo vya miguu, aliwatengenezea mikate ya safari kwa sababu mikahawa ya njiani haikuwahudumia, na mechi ikiisha aliandika habari yake mwenyewe ayapelekee magazeti. Wachezaji zaidi ya 200 walipita mikononi mwake wakaenda kucheza kwa kulipwa, akiwemo Doug Williams, kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, Januari 1988.

Lakini wazee wa hapa hawaanzi na hizo 408. Wanaanza na kengele. Asubuhi alipita mabwenini akipiga kengele ya ng'ombe, mlango kwa mlango, kuwaamsha vijana waende darasani. Darasani, si mazoezini. Yule mzee wako wa kemia amenikumbusha hilo.

Bongo Dallas:

Mzee shikamoo. Kengele ni nzuri, ila makocha wote siku hizi wana watu wa kuhesabu mahudhurio ya darasani. Kuuliza kuhusu kemia mbele ya mama ni rahisi. Huenda huuliza kila mzazi swali hilohilo.

Mzee wa Ruston:

Marahaba. Ndiyo maana nasema arudi aulize mwezi ujao kama ile karatasi bado ipo.

Nyali Girl:

Mama, mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kuhudumia majeraha ya wanamichezo chuoni. Wenzangu wameongea ya ushindi. Mimi nakuomba uangalie kitu ambacho wazazi wengi hawakigusi kabisa: joto, na nani ana kauli ya mwisho mazoezini.

Mei 29, 2018, mchezaji wa mstari wa Chuo Kikuu cha Maryland alizidiwa akiwa kwenye mbio za mazoezi. Alikuwa na miaka 19, mwili mkubwa, nafasi ileile ya mwanao. Alipata kiharusi cha joto. Uchunguzi ulionyesha hakupimwa joto la mwili wala hakuzamishwa kwenye maji ya barafu, na muda mwingi ulipotea kabla ya kupelekwa hospitali. Alifariki Juni 13. Chuo kilikiri wajibu wake, na mwisho wa Oktoba kocha mkuu akafukuzwa. Magazeti yalipochimba yakakuta wachezaji waliokuwa wakilalamika kuhusu kutukanwa na kudhalilishwa mazoezini, kiasi kwamba kijana anaona aibu kusema "siwezi tena".

Kiharusi cha joto kinatibika vizuri sana kikiwahiwa. Unampoza kwanza palepale uwanjani, ndani ya pipa la maji ya barafu, halafu ndiyo unamsafirisha. Watu wa mstari ndio wako hatarini zaidi kwa sababu ya miili yao, hasa siku za kwanza za Agosti mwili haujazoea.

Kwa hiyo ukirudi huko, mwombe mhudumu wa afya wa timu, si kocha, akupeleke uwanjani akuonyeshe pipa liko wapi. Lionekane kwa macho, lisiwe limefungiwa stoo. Muulize akisema mazoezi yasimame, kocha anaweza kumkatalia? Muulize yeye na daktari wanaajiriwa na nani na nani anaweza kuwafukuza. Mwangalie usoni anapojibu. Nimefanya kazi chini ya kocha aliyekuwa akishinda sana, na kila nilipomtoa mtoto uwanjani nilitazamwa kama mchawi. Nimefanya pia chini ya mwingine aliyeniambia mbele ya timu nzima, "Huyu akisema toka, unatoka, hata kama ni fainali." Huyo wa pili naye alishinda, tena kwa miaka mingi, maana vijana wake walimaliza msimu wakiwa wazima.

Namba 72:

Mama, nilicheza chuo mimi, mstari wa ulinzi. Fupi tu. Kocha anahama. Novemba 2021 kocha Lincoln Riley aliondoka Oklahoma kwenda USC ya California, na ndani ya siku chache Brian Kelly akaondoka Notre Dame kwenda LSU. Vijana walibaki wanatazamana. Mchagulie mtoto chuo ambacho hata kocha akiondoka kesho atabaki na shahada anayoitaka. Siku hizi na yeye anaweza kuhama bila kukalishwa mwaka mzima, lakini uhamisho unaweza kupoteza masomo aliyokwisha kufaulu, hakikisheni hilo.

Pili, tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kila ahadi iandikwe. Akiumia mwaka wa kwanza asicheze tena, ufadhili unaendelea? Kocha wa kweli hakasiriki ukiuliza hilo. Na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huchapisha viwango vya kuhitimu vya kila timu, vitafute mwenyewe mtandaoni usisubiri wakupe vipeperushi.

Kijiwe Nongwa:

Namba 72 kamaliza. Nimeweka kambi hapa.

Mama wa Kihonda:

Wakuu, Mungu awabariki. Nimepiga simu kote kuwili jana na leo, na sasa nimechanganyikiwa zaidi.

Nilitegemea chuo kikubwa kinizungushe. Hapana. Mhudumu wao wa afya alipokea mwenyewe, akanitumia video akitembea kutoka mstari wa uwanja hadi kwenye mapipa, hatua chache tu. Kocha wao wa mstari yuko na kocha mkuu tangu vyuo viwili vilivyopita. Kuhusu kuumia, wakasema watanitumia kwa maandishi, bado sijaona.

Kwa yule mzee wangu mpole, kemia anaikumbuka, na ameshampa kijana jina la mwalimu wa kumsaidia. Ila kocha wao wa mstari ameondoka majuzi, mpya hajatangazwa. Na pipa, waliniambia huwa wanaagiza barafu siku za joto kali. Nyali Girl, hapo nilikosa raha.

Baba wa mtoto amesoma uzi wote, amekaa kimya, kwake hilo ni jambo kubwa. Tumekubaliana hatusaini mpaka Desemba, na Septemba tutakwenda kutazama mechi moja kila upande.

Nyali Girl:

Kuagiza barafu siku ya joto haitoshi mama. Waambie hivyo hivyo, kwa heshima. Wakileta pipa ndani ya wiki moja wamejibu swali lako kuhusu kocha. Wakikuona msumbufu pia wamejibu.

Bongo Dallas:

Na huko Septemba usifuate mpira na macho, hutauelewa. Kaa upande wa benchi lao. Mtoto akifanya kosa akatoka uwanjani, angalia nani anamfuata kuzungumza naye, na kama mchezo unaofuata anarudishwa. Halafu uje na mrejesho, tupo.