Ubao wa boti jetini Mokowe: utapunguza msukumano au utauzidisha?

Binti Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Kila Jumatano namvusha mamangu kutoka kisiwani Lamu kwenda kumtazama dada yetu Witu, bara, na kurudi ndiko kunakonitesa. Mabasi ya Mombasa yakiingia Mokowe, jeti ya upande wa bara, mawili matatu kwa pamoja, abiria wote humiminikia boti iliyo mbele. Mamangu ana miaka 74. Juma lililopita walimsukuma mpaka kiatu chake kikaanguka majini, na kumbe nyuma yetu palikuwa na boti yenye watu sita tu. Hakuna aliyetwambia! Nataka kuwapelekea wazee wa jeti ombi la ubao unaoonyesha boti inayofuata. Kuna aliyeona jambo hili likisaidia kweli?

Utingo wa Zamani, Malindi
Dada, mpe mama pole. Nimeita abiria hapa steji miaka 11. Watu husukumana kwa kuwa hawajui kama kuna gari nyingine. Nikisema "ya pili ishafika Gede," nusu yao hurudi kivulini. Ila nikiwadanganya mara moja, kutwa nzima hawanisikilizi tena.

Nasoma Uchukuzi
London walianza kuweka mbao za Countdown vituoni mwaka 1992, zikionyesha basi lijalo limebakiza dakika ngapi. Basi lililochelewa hukuta watu wengi zaidi, likazidi kuchelewa kwa kuwapakia, huku la nyuma likilifuata karibu tupu. Anayejua kuwa la nyuma limebakiza dakika 2 huliacha la mbele. Lakini angalia dada: ukitangaza tu kwamba boti ya pili ina nafasi, wote wataikimbilia hiyo. Taja viti vilivyobaki, na hesabu ibadilishwe kila mtu anapopanda.

Nahodha
Binti yangu, usiandike saa. Boti zetu hungoja kujaa ndipo zing'oke, kwa hiyo saa itakuwa uongo kila siku. Andika zamu na viti. Na awepo kijana wa kuhesabu kwa sauti, kwani mwenye gunia kichwani hasomi ubao. Mimi sijasahau kivuko cha Mtongwe kule Mombasa, 29 Aprili 1994. Feri ilijaa kupita kiasi, wakafa watu 272.

Binti Langoni
Ahsante baba, ahsanteni nyote. Saa nimeifuta kwenye ombi. Nimeandika zamu, viti, na kijana mmoja mwenye sauti, aanze mabasi yanapoingia. Jumatano nikivuka nitawapa wazee mkononi. Ubao wa chaki ninao nyumbani, nitaubeba.