Naombeni ushauri: upanga wa babu aliyekuwa Keya, mpini wa chuma uliofanywa uonekane kamba

Mjukuu wa Keya:
Wakuu habari za jioni. Mwenye ujuzi wa silaha za zamani anisaidie. Babu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika), akapigana vita vya pili vya dunia. Ameacha upanga ambao hapa kijijini hakuna anayeujua. Umepinda kidogo, makali upande mmoja, mpini unaenea mikono miwili. Kwa mbali utadhani mpini umesukwa kwa kamba. Ukiushika ni wa baridi, ni chuma kilichopakwa rangi ya kahawia na rangi imeanza kubanduka. Pembeni una kitufe. Ni wa nchi gani na unafika bei gani? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Sime Mbili:
Mkuu, wengi huku wanarithi singe za Mjerumani, yaani visu vya kufungwa mdomoni mwa bunduki, lakini huo si mmojawapo. Singe ya Mjerumani ya 98/05 ina ubapa ulionyooka wa kama sentimita 37, unaopanuka kuelekea ncha, na mpini wa mbao. Nyingine zina meno ya msumeno mgongoni. Kwenye mgongo huo, karibu na mpini, utakuta taji, herufi W na tarakimu mbili za mwaka. Singe ya Mwingereza ya 1907 ina ubapa wa sentimita 43, nao umenyooka. Mwenye singe ya namna hiyo nyumbani aangalie alama hizo kwanza.

Fundi Chuma:
Sime Mbili umesema kweli, ila turudi kwa mwenye uzi. Fanya hivi:

Chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Igusishe kwenye mpini, kisha kwenye kinga ya mkono, kisha kwenye ubapa. Tazama pale rangi ilipobanduka yenyewe, usikwangue: chini yake ni nyeupe, nyekundu au njano? Halafu pima ubapa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pale unapoingia kwenye ukosi wa chuma mbele ya kinga. Usifuate upinde wake. Mwisho tazama ubavuni mwa ubapa, karibu na ukosi, kama kuna namba. Fanya dirishani wakati wa asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni; mwanga wa simu unafuta kila alama.

Mjukuu wa Keya:
Nimefanya. Mpini haushiki sumaku na chini ya rangi ni mweupe kama sufuria. Kinga inashika. Ubapa sentimita 68 na kidogo. Una mfereji mrefu kila upande. Namba ipo, tarakimu za kawaida.

Fundi Chuma:
Basi huo ni upanga wa jeshi la Japani, Aina ya 95, uliopitishwa mwaka 1935 kwa ajili ya masajini na wenzao, si wa maafisa. Ulitengenezwa kiwandani kwa mashine. Ya mwanzo ilikuwa na mpini wa shaba nyekundu, baadaye ikaja ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu kama wako, na vita vilipoelekea mwisho wakatumia mbao. Upanga wa afisa una kamba halisi juu ya ngozi ya samaki taa, na ndani kuna kijiti cha mwanzi kinachoshika shina la ubapa. Wako una skrubu inayopita kwenye mpini, na kitufe hicho hufungua kibanio kinachoushika upanga ndani ya ala.

Sasa lete namba ya ala. Iko mdomoni mwa ala, na kwa upanga kamili inapaswa kufanana na ya ubapa.

Mjukuu wa Keya:
Ala sina hapa. Lakini bei inakadiriwaje bila ala?

Dada Wakili Mtaani:
Ala iko wapi, na Jumamosi kuna nini?

Mjukuu wa Keya:
Sawa. Ala iko kwa shangazi, Songea. Babu aliwagawia hivyo, upanga kwa marehemu baba, ala kwa dada yake. Kuna mnunuzi amenipa laki tatu za kishika nafasi, anakuja Jumamosi kuuchukua. Anasema kuna mtu Tokyo anautaka, ila ametaka fundi aupige mashine ya kusaga ung'ae kwanza. Shangazi sijamwambia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, upanga umekaa kwangu miaka yote, na ada za shule hazisubiri kikao cha ukoo. Sioni kosa langu liko wapi.

Mzee wa Busara:
Mwanangu, mali ya marehemu haina mtoto wa kwanza. Alichogawa mzee kwa mkono wake kina maana. Nenda kwa shangazi yako na kilo ya sukari, kaa chini, mweleze.

Nondo Kumi:
Hii chai. Mjapani alipigana Songea lini? Mkoloni huku alikuwa Mjerumani akaja Mwingereza. Kila anayetaka kuuza upanga feki huanza na "babu alikuwa askari". Kesho utaona anaweka namba ya simu na bei.

Sime Mbili:
Nondo, Mjapani hakuja. Keya ndio waliomfuata. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, na 1944 ikaingia Burma kupitia bonde la Kabaw hadi kuuchukua mji wa Kalewa mwezi Desemba. Ndani yake kulikuwa na vikosi vya Tanganyika, cha 26 na cha 36. Wazee wengi walikuwa wakisema tu "Bama".

Nondo Kumi:
Historia nimeikubali. Haithibitishi upanga huu. Za 95 za bandia zimejaa sokoni.

Fundi Chuma:
Hapo uko sahihi, na kuna namna ya kuzitenganisha. Za bandia mara nyingi mpini ni wa shaba ya njano au alumini yenye vitundu na michoro ya kamba iliyofifia. Namba huwa kubwa mno au zimepinda, kila moja na kina chake. Mfereji unayumba badala ya kunyooka. Na wanapenda kuchora mawimbi kando ya makali kwa tindikali ili uonekane wa samurai, wakati 95 halisi haina mawimbi ya kujivunia. Kwenye kola kati ya mpini na kinga angalia mihuri midogo ya wakaguzi wa kiwanda.

Mjukuu, kuhusu mashine ya kusaga: usithubutu. Jiwe likizunguka linachemsha makali, na ukiona rangi ya bluu ujue chuma kimeshalainika hapo. Litakula kingo za mfereji na kufuta namba, yaani kile kitu pekee kinachoutambulisha. Msasa, ndimu na majivu navyo hapana. Pamba safi, oili ya cherehani matone machache, futa kuelekea ncha ukishika kutoka upande wa mgongo, basi. Skrubu ya mpini usiiguse. Ndani hakuna sahihi ya mfua panga ya kutafuta.

Halafu huyo wa Tokyo. Sheria ya Japani inaruhusu kusajili panga zilizofuliwa kwa mkono kama kazi ya sanaa. Za kiwandani kama 95 hazisajiliki, zikiingia huchukuliwa. Mnunuzi ama hajui anachonunua, ama hakwambii ukweli.

Dada Wakili Mtaani:
Na kabla chochote hakijavuka mpaka, swali la kibali lipelekwe Idara ya Mambo ya Kale, kwa maandishi. Zile laki tatu zisiguswe.

Mjukuu wa Keya:
Laki moja imeshatumika, nitaifidia. Nimempigia binamu aliye kwa shangazi, amenisomea mdomo wa ala. Inaanza na 7 na kuishia na 4, na yangu vilevile, tarakimu zote. Mihuri miwili ipo kwenye kola. Mawimbi hakuna.

Fundi Chuma:
Zikifanana hivyo, ubapa na ala ni kitu kimoja kilichotoka kiwandani pamoja. Ukiuza ubapa peke yake unapoteza sehemu kubwa ya thamani, na ala ya shangazi inabaki bomba tupu. Namba kamili msiiweke hapa, waghushi wanazinakili. Ala ikifika usiusukumie upanga ndani siku hiyo hiyo: igeuze mdomo chini, gonga taratibu kwa kiganja kutu iliyolegea idondoke, iache ikauke.

Mjukuu wa Keya:
Fundi wa mashine nimemsitisha. Mnunuzi nimemwambia Jumamosi haipo mpaka niongee na shangazi, amekasirika, anataka pesa yake. Ijumaa napanda basi la Songea.

Nondo Kumi:
Ukifika piga picha ya kola na ya mfereji pale unapokaribia ncha. Namba kufanana, hata feki hufananishwa.