Pesa za leseni za kompyuta serikalini: tuwalipe vijana wetu warekebishe kasoro za Linux?

Mwana wa Mlandege
Assalaam aleikum wanabaraza. Hoja naitia mezani moja kwa moja. Ofisi zetu za serikali, Unguja na Pemba, zinalipia leseni za programu za kigeni. Hebu tuseme baadhi yao zihamie Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na robo ya kitakachookolewa walipwe vijana kumi wa hapa hapa, kazi yao moja tu: kutafuta na kurekebisha mabagi ya kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na diski, kumbukumbu na mtandao. Msimbo uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza nao Helsinki 1991, mwanafunzi tu, hakumwomba mtu kibali. Android zenu zote zinatembea juu ya kerneli hiyo hiyo. Kwa nini sisi tuwe watumiaji mpaka kiama? Anayepinga aseme.

Fundi wa Darajani
Waaleikum salaam. Napinga. Kijana hajui kutafautisha RAM na diski, unampa kerneli? Ina mistari zaidi ya milioni 30. Vijana wangu hapa, wakiletewa laptopu haiwaki, cha kwanza fomati. Halafu hilo la kuitaja Pemba silielewi kabisa. Wapemba waacheni na duka, hilo wanaliweza. Kerneli watuachie wenyewe 😂

BintiChake
Fundi, hilo la Wapemba na duka umeliandika ukiwa umekaa wapi vile?

Dau la Kojani
😂😂 Dukani!
Lakini mwacheni aseme. Karafuu za Pemba ndizo zilizowajengea hayo maghorofa ya Michenzani mnayoyapigia picha, leo tumekuwa watu wa duka. Na duka lenyewe, nenda Kariakoo kaulize nani anamkopesha nani.

Fundi wa Darajani
Michenzani walijenga Wajerumani wa Mashariki. Someni historia.

Dau la Kojani
Wajerumani walileta ramani, yakhe. Zege je? Wakati ule serikali ilikuwa ikipata pesa za kigeni kutoka wapi kama si kwenye karafuu? Au mlikuwa mkiuza madafu?

Maalim wa Tunguu
Jamani, karafuu zifungulieni uzi wake.

Mwana wa Mlandege, wazo lako nalikubali nusu. Watu wanapenda kusema msimbo ukiwa wazi na macho yakiwa mengi, hakuna kasoro itakayojificha. Tazameni kasoro iitwayo Dirty COW, ilitangazwa Oktoba 2016. Mtu wa kawaida, hana ruhusa yoyote kubwa, aliweza kuandika ndani ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu, na kwa mlango huo akawa bwana wa mashine nzima. Kasoro ile ilikuwa imelala ndani ya kerneli tangu 2007. Na Torvalds mwenyewe, alipotia kiraka cha kuimaliza, aliandika kwamba aliwahi kujaribu kuirekebisha miaka 11 nyuma, tena vibaya, kisha marekebisho yale yakaondolewa. Macho yalikuwapo miaka yote hiyo. Sasa hao kumi wako mimi ningewalipa mwaka mzima wasome tu msimbo wa usimamizi wa kumbukumbu, wasitume hata herufi moja.

Mwana wa Mlandege
Maalim, si ndiyo hoja yangu hiyo! Macho hayatoshi, tuongeze.

Fundi wa Darajani
Walipwe mwaka mzima KUSOMA? Na pesa za umma? Mimi nikikaa siku moja nasoma nyumbani hakuliwi.

Mpiga Kasia
Mnawakumbuka wale wanafunzi wa Marekani waliotuma viraka vya uongo, kerneli ikaharibika dunia nzima? Ndiyo yatakayotukuta. Itafungiwa Zanzibar yote.

BintiChake
Haikuharibika dunia nzima. Walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mambo yakalipuka Aprili 2021. Walituma viraka vilivyotiwa kasoro makusudi, waone kama wakaguzi watashtuka, wakaandika na makala ya kitaaluma. Greg Kroah-Hartman, yule anayesimamia matoleo yanayotunzwa muda mrefu, akakifungia chuo kizima, na viraka vyao vya nyuma vikaanza kupitiwa upya. Makala wenyewe wakaiondoa.

Mpiga Kasia
Mimi nimesema nini tafauti? Wamefungiwa. Tena chuo kizima. Wewe umeongeza majina tu.

BintiChake
Hewalla. Basi nikuongezee na jengine, na Fundi asikilize kwa sababu linahusu fomati.

Max Kellermann, Mjerumani, anafanya kazi kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti za watu. Mteja analalamika: faili lake la kumbukumbu za tovuti, lililobanwa kwa gzip, halifunguki. Akalitazama, data yote nzima, ila ile hesabu ya ukaguzi mwishoni mwa faili si sahihi. Akairekebisha kwa mkono, akafunga kesi. Miezi ikapita, likaja jengine. Na jengine. Hapo akakaa chini akayapanga, akaona mengi ni ya siku ya mwisho ya mwezi. Akatazama baiti zenyewe: kila faili bovu, baiti 8 za mwisho ni zile zile, na zinaanza na herufi P na K, alama inayoonekana ndani ya faili la zip. Kumbe programu nyengine kabisa kwenye seva ile ndiyo iliyokuwa ikitengeneza zip kwa kuunganisha yale mafaili ya mwezi. Lakini programu ile haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye mafaili yale! Inasoma tu. Sasa nani kaandika?

Kerneli. Kuna mahali inapotengeneza bafa ya paipu, yaani sehemu ya muda ya kupitishia data baina ya programu, bila ya kusafisha alama za aliyetangulia. Akaandika programu mbili fupi kuthibitisha, akaripoti kimya kimya kwanza kwa wahusika wa usalama, kiraka kikatoka, Machi 2022 akatangaza hadharani. Ndiyo Dirty Pipe. Kiraka chenyewe ni mistari miwili ya kuweka sifuri. Miwili.

Mtu yule hakuanza kwa kusoma kerneli, alianza na faili la mteja lisilofunguka. Hapa kwetu faili lile lingefika Darajani, na tunajua lingefanywa nini.

Fundi wa Darajani
Unanijua wewe? Nina wanangu skuli, nina kodi ya frema. Mteja ananiletea mashine saa nne ana boti ya saa sita na nusu. Nimwambie subiri nikaangalie baiti 8? Huyo Mjerumani wako analipwa mshahara mwisho wa mwezi, afya imo, likizo imo. Nipe mshahara wake uone kama sitakaa na faili.

Mwana wa Mlandege
Fundi, umeshaingia upande wangu. Ndiyo nnayoomba mimi, walipwe. Hata huko, walio wengi wanaoandika kerneli ni waajiriwa wa makampuni makubwa, Intel, Google, Red Hat. Hii ya kujitolea usiku ni hadithi ya miaka ya 90.

Fundi wa Darajani
Mimi siko upande wa mtu. Nimesema anayenisema kuhusu fomati aje akae hapa siku moja.

Mzee wa Mtambwe
Salaam zenu. Sijaingia siku nyingi, naona karafuu zimetajwa nikajua kuna vita.

Niseme moja. Mnakumbuka kebo ya umeme ya Unguja ilipokufa Disemba 2009, watu wakakaa giza kama miezi mitatu. Mwaka ule ule, mwanzoni mwake, kulikuwa na zogo la ext4, mfumo wa mafaili uliokuwa mpya. Mashine ikizimika ghafla, ukiwasha unakuta mafaili yapo, majina yapo, ndani sifuri, matupu. Sababu yake, ext4 ilikuwa ikichelewesha kuchagua mahali pa kuiweka data diskini ili iende haraka, huku jina la faili limeshaandikwa. Ted Ts'o, mwenye ext4, alisema kosa ni la wanaoandika programu bila ya kuiamuru kerneli ishushe data yao diskini. Kwa kanuni za uandishi wa programu alikuwa na haki. Hata hivyo akatia viraka vya kuwahifadhi watu, kwa sababu malalamiko yalikuwa mengi.

Sasa jiulizeni. Anayeandika msimbo ule, umeme wa kwao unazimika mara ngapi? Sisi hapa ndio tunaozimiwa. Kasoro za kuzimika ghafla, za kadi za kumbukumbu za bei rahisi, za intaneti inayokuja na kuondoka, sisi tunazikuta kabla yao. Hatusemi tu. Kijana wa Wete au wa Makunduchi anayeweza kuizima mashine makusudi, kuiwasha, kuandika alichokiona na kukituma vizuri, huyo ana kitu wasichokuwa nacho wao. Na hahitaji kujua mistari milioni 30.

Mpiga Kasia
Mzee, Unguja giza miezi mitatu, na Pemba je?

Mzee wa Mtambwe
Pemba tulikuwa na majenereta ya Wesha. Kebo ya kutoka Tanga ilikuja 2010.

Dau la Kojani
Yaani Unguja giza totoro, Pemba taa zinawaka. Fundi umeiona hiyo au nikukuzie maandishi?

Fundi wa Darajani
Majenereta ya Wesha yakizimika yenyewe kila siku, usijitie.

Dau la Kojani
Mpemba hakimbii mvua ndogo. Tuliwasha vibatari tukalala. Nyinyi mkinunua jenereta za uani mpaka mji mzima ukawa hausikilizani.

Bi Mkubwa wa Fumba
Wanangu, samahani, swali la mtu mzima. Hizo kasoro zikisharekebishwa, kwenye simu yangu zinafika? Maana simu imeacha kuniletea masasisho tangu mwaka juzi.

Maalim wa Tunguu
Bi Mkubwa, shikamoo. Ukweli ni kwamba mara nyingi hazifiki. Kiraka kinaingia kwenye kerneli kuu, kisha kwenye matoleo yanayotunzwa, hapo ni kazi nzuri na ya haraka. Baada ya hapo lazima aliyetengeneza simu akichukue, akikusanye na viendeshi vyake (programu za kuendeshea vifaa vya simu), akupelekee. Simu ya bei ya chini akishaiuza hana hamu nayo tena. Kwa hiyo tunaweza kuwa na vijana kumi hodari Tunguu, na simu ya Fumba ikabaki na kasoro zile zile ilizozaliwa nazo. Hili ndilo linalonifanya nikubali nusu tu.

Bi Mkubwa wa Fumba
Marahaba. Basi ninunue ipi?

Mpiga Kasia
Bi Mkubwa njoo pembeni nikwambie, nna moja nauza.

Fundi wa Darajani
Msimuuzie mama wa watu takataka.
Ngoja niwaulize kitu, nyinyi wa kerneli. Nna laptopu ya mteja, kijana wa chuo, ana Linux. Tangu aisasishe, akifunika mashine ikalala, akiifunua waifai haipo mpaka aizime aiwashe. Kerneli ya zamani, 6.1, ilikuwa sawa. Sasa ana 6.6. Kadi nzima, nimeijaribu kwenye mashine nyengine. Hiyo nayo mtasema nipige fomati?

BintiChake
Usiiguse! Hiyo ndiyo kasoro yenyewe tunayoizungumza. Una toleo zima na toleo bovu, umeshafika nusu ya safari.

Baina ya 6.1 na 6.6 kuna mabadiliko kama elfu 70. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri ya kutafuta kwa kukata nusu, kama unavyotafuta shoti ya nyumba kwa kuzima upande mmoja wa fyuzi. Unaiambia hii nzima, hii mbovu, inakupa ya katikati. Unakompaili, yaani unaugeuza msimbo uwe kerneli ya kuwasha, unawasha, unafunika mashine, unafunua, unatazama waifai. Nzima au mbovu, unajibu, inakata tena. Majaribio kama 16 au 17 unabaki na badiliko moja, lina jina la aliyeliandika. Unamwandikia yeye, na watunzaji wa sehemu ile, unasema badiliko lako hili limeiua waifai ya kadi fulani. Hapo hawakupuuzi. Mara nyingi wanakutumia kiraka cha kujaribu, na kikikubaliwa jina lako linaandikwa humo kwamba ndiwe uliyeripoti.

Fundi wa Darajani
Majaribio 16. Mashine hii kukompaili mara moja ni saa ngapi?

BintiChake
Ukiuacha usanidi kama ulivyokuja, masaa. Ukipunguza viendeshi usivyovihitaji, ile ya kwanza labda saa, zinazofuata fupi zaidi.

Mwana wa Mlandege
Na hapo bado mnaniuliza walipwe kwa kazi gani.

Fundi wa Darajani
Nimekutumia picha ya skrini, itazame.

BintiChake
Picha siitaki, na kule kwa watunzaji wa kerneli ndiyo kabisa. Endesha dmesg, amri inayoonesha ujumbe wa kerneli, yaweke maneno yenyewe kwenye faili. Kule kila kitu ni baruapepe ya maandishi matupu, ukituma yenye rangi na mapambo orodha yao ya baruapepe inaitupa haimfikii mtu.

Dau la Kojani
Wanabaraza andikeni tarehe. Fundi wa Darajani kaomba msaada Chake Chake.

Fundi wa Darajani
Sijaomba msaada, nimeuliza. Na umeme ukikatika katikati ya kukompaili, naanza mwanzo au inaendelea?

BintiChake
Inaendelea, haikompaili tena kilichokwisha. Ila tafuta lile faili lililokuwa mkononi wakati umeme unakatika. Ukilikuta tupu au nusu, lifute kwanza, ndiyo uendelee.