Watunzi wa nyimbo za kwaya, mnatuandikia noti za "f – se" halafu lawama tunabeba sisi

Wakuu, nina hasira na leo sifichi.

Kwaya yetu hapa Mbeya imekula wiki 3 kwenye wimbo mmoja wa Kwaresima. Mpaka jana usiku, na baridi hili la Uyole, alto walikuwa wanakwama palepale kwenye noti za solfa: m – f – se – l (mi, fa, se, la; se ni s iliyopandishwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya sauti). Hebu imbeni wenyewe taratibu, bila kinanda. Kutoka f kwenda se ni nusu toni 3! Kidole kwenye kinanda hakisikii shida, programu ya kompyuta nayo inaimba chochote unachoipa. Koo la mtu ndilo linalokwama.

Mama anayeongoza alto, kaimba tangu usichana wake, aliweka karatasi chini akaniambia, "Mwalimu, nikishaiacha hiyo f, se siioni ilipo." Nikampa ba, yaani f iliyopandishwa nusu toni, badala ya f. Akapanda m – ba – se – l mara moja, wenzake wakamfuata. Furaha ikadumu dakika moja tu, maana besi wanashikilia f papo hapo, ikagongana na ba vibaya mno. Ilibidi besi wahamie r ndipo kodi (noti zinazolia pamoja) ya r – ba – l ikakaa. Sasa hiyo ni kazi yangu au ya mtunzi?

Curwen, mwalimu wa Uingereza aliyeieneza solfa, aliiweka ba kwenye solfa yake kwa ajili ya maina (minor, ngazi inayoegemea l). Wengine badala ya ba mnaandika fe, ambayo ni ya kuhamia ufunguo mwingine, na waimbaji wanapoteza l yao kabisa.

Na msinijie na ile kanuni ya "kupanda ba – se, kushuka s – f" mkadhani mmemaliza. Tazameni kodi! Kama kodi ya m – se – t bado inalia, hata sauti inayoshuka ipite l – se – ba – m. Ukurasa wa 2 wa wimbo huohuo, soprano wako kwenye se, teno wanashuka na s, pigo lilelile. Kanisa zima liligeuka kutuangalia Jumapili, na baada ya misa tukaambiwa hatuna masikio. Watu waliotoka Mwanjelwa kwa miguu kuja mazoezini baada ya kufunga biashara zao!

Mtunzi, najua umo humu. Imba sauti zote 4 kwa mdomo wako, moja moja, kisha utuletee karatasi mpya. Mazoezi ni Alhamisi saa 11 jioni.