Mashine ya brashi imekula vidole vya mwenzetu, tufanyeje watu waache kuingiza mkono?

Mgosi_Muheza
Wadau habari zenu. Nafanya kazi kiwanda kidogo cha mkonge huku Muheza, niko chumba cha brashi, yani singa (nyuzi za mkonge) zikishakauka juani zinaletwa kwetu tunazipitisha kwenye dramu lenye meno linazunguka linatoa makapi na vumbi. Wiki iliyopita singa zilijisokota kwenye dramu, dogo mmoja akataka kuzichomoa huku mashine inatembea, zikamvuta. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda. Ana miaka 22. Nilikuwa namuona, hata kelele hakupiga, alikaa tu chini akaushika mkono.

Sa hivi bosi ametununulia glavu nzito na kabandika karatasi ukutani USIINGIZE MKONO. Hazijapita siku mbili watu wanaingiza tena, na mimi nilishawahi kuingiza siwezi kuficha. Kila mtu anajua ni hatari, sasa shida iko wapi?

FundiMitambo_Pongwe
Pole sana mgosi, na huyo dogo Mungu amponye. Hizo glavu zivueni leo leo. Nimekaa kwenye makorona (mashine za kukamua majani ya mkonge) na mabrashi miaka 19, kwa kitu kinachozunguka glavu ni sawa na kamba, meno yakidaka ncha yake tu mkono wote unafuata. Glavu vaeni mkibeba robota (mzigo wa singa uliofungwa) au mkishika majani yenye miiba, kwenye dramu hapana. Na kanga ya kiunoni, mikono mirefu ya shati, vyote hivyo hivyo.

Halafu dramu ni zito, ukizima swichi linaendelea kuzunguka kwanza, mtu anasikia mota imenyamaza anajua tayari. Lisimame kabisa ulione kwa macho, mein swichi ipigwe kufuli na ufunguo akae nao yule yule anayeingiza mkono, siyo fomeni. Kava ya mbele iko wapi lakini?

Mgosi_Muheza
Iling'olewa kitambo mzee wangu. Ina nati nne na spana iko stoo, singa zikijisokota mpaka uifuate ushapoteza muda.

MamaWawili_Mikanjuni
Mdogo wangu, mnalipwa kwa siku au kwa kilo? Mi nimefanya brashi, tulikuwa tunalipwa kwa kilo, ukizima mashine dakika kumi ni unga wa watoto huo unapotea, ndo maana tulikuwa tunaingiza mikono tena kwa haraka haraka, hatukuwa wajinga. Ile karatasi ya ukutani haina nguvu mbele ya unga. Kilichotusaidia ni kumbana fomeni mpaka akakubali muda wa kuzima utuhesabiwe kama tunafanya kazi. Toka hapo watu wakawa wanazima wenyewe, hakuna aliyemsimamia mtu. Na muangalie singa zinazoletwa bado zina unyevu, kwetu ndo zilikuwa zinajisokota kila saa, msimu wa mvua ndo usiseme.

Kaka_Raskazone
Naongezea upande wa haki za huyo dogo maana hapo wengi wanaumia mara mbili. Bosi anatakiwa atoe taarifa ya ajali kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku 7, na dai lenyewe lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Mfuko unagharamia matibabu na fidia ya ulemavu, mchango anautoa mwajiri, hakuna kukatwa kwenye mshahara wako. Asije akapewa laki mbili mkononi akaambiwa yaishe kimya kimya. Atunze karatasi zote za hospitali na nyie mlioona muandike mlichoona sasa hivi kabla hamjasahau. Na hiyo mashine kutembea bila kava, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 hairuhusu, OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana wakaguzi.

Mgosi_Muheza
Asanteni sana, dada umenigusa, ni kwa kilo kweli. Nimeongea na wenzangu sita wa brashi, kesho asubuhi hatuwashi mpaka tuonane na bosi, tunataka muda wa kuzima uhesabiwe na spana ikae pale pale kwenye mashine. Karatasi za WCF ntamuuliza hapo hapo mbele ya wote. Kava nimeikuta nyuma ya stoo chini ya magunia, ina kutu na nati mbili hazipo, jioni hii napita kwa fundi kuzitafuta.